Tamko la Mwalimu

Mkuu wa chuo cha uchungaji alipenda sana kusikika, ndiyo maana wanafunzi walimbandika jina la Mikrofoni. Vitabu navyo alivipenda, hasa majalada yake. Aliposikia mwalimu wa Agano Jipya amefundisha kwamba wasomi wengi wanatilia shaka kama Paulo ndiye aliyeandika barua kwa Timotheo na Tito, alimwita ofisini.

"Barua inaanza na jina la Paulo," alisema. "Unataka mpaka aje mwenyewe athibitishe?"

"Jina kuwa juu si mkono kuwa ndani," Mwalimu alijibu. "Maneno mengi mle hayaonekani katika barua zake nyingine. Huenda aliyeandika ni mfuasi wake, baada ya yeye kufa. Hata Injili, waandishi hawakujitaja. Majina yalikuja baadaye."

"Kuandika kwa jina la mwenzako ni uongo, na Roho hashirikiani na waongo." Akamsogezea karatasi. "Haya, tumekuandalia tamko la toba. Tia sahihi."

Mwalimu alilisoma. Juu lilikuwa na jina lake. Lilisema, "Mimi, mwalimu wa chuo hiki, nilipotoka." Alimtazama Mikrofoni aone kama anatania. Wala. Kichwa kile kilikuwa kitupu kiasi kwamba mawazo mawili yangeweza kuishi humo maisha yote yasikutane.

"Sikuandika haya. Sitii sahihi."

"Basi, jina linatosha."

Jumapili tamko likasomwa makanisani, nakala zikagawiwa. Jioni mama yake Mwalimu akapiga simu.

"Binti yangu, umeniinua kichwa. Nimekutambua tangu mstari wa kwanza."

"Si mimi niliyeandika, mama."

"Acha unyenyekevu. Nikuzae mimi, nisijue maneno yako?"

Mwalimu akamuaga. Dharau yake hakutaka kuimwagia mzazi. Alikuwa na wa kumpa.

Kesho yake alilibandika tamko ubaoni. "Lichunguzeni kama tulivyochunguza zile barua," aliwaambia wanafunzi. "Nani kaandika?"

Walicheka, kisha wakashika kazi.

"Kila aya inaanza na 'kwa mantiki hiyo'," mmoja alisema. "Mwalimu hasemi hivyo."

"Na mwandishi anamsifu Mkuu wa Chuo kuliko anavyomsifu Kristo," akadakia dada mmoja wa nyuma.

Mikrofoni alikuwa amesimama mlangoni. "Jina la mwalimu wenu si hilo hapo juu?" alifoka. "Kwa mantiki hiyo, ni lake!"

Darasa zima likainamisha vichwa, mabega yakitikisika.

Kabla ya wiki kuisha Mwalimu alifukuzwa. Alifungasha vitabu vyake, vile vilivyochakaa kwa kusomwa, akaenda kwa mama yake kumpa habari. Mama hakusubiri amalize. Alijifunga kanga, akachukua nakala yake ya tamko, akaenda moja kwa moja hadi ofisini kwa Mikrofoni, binti yake akimfuata nyuma na kumsihi bure.

"Mtu mwenye kalamu kama hii unamfukuza?" alisema, akiigonga karatasi kwa kidole. "Sikiliza lugha hii." Akamsomea yote, taratibu, pamoja na zile sifa zote za Mkuu wa Chuo. "Niambie kweli, baba. Wewe unaweza kuandika hata mstari mmoja kama huu?"

Mikrofoni akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama vilevile, bila kupepesa, kama mtu anayesubiri basi.

"Hapana, mama," Mikrofoni alisema. "Siwezi."

"Nilijua," mama akasema, akaikunja karatasi yake. "Unaonekana."