Goti la Mpimaji

Pale idara ya maji walimwita Goti, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka minne nyuma, asubuhi ya baridi, aliuona mto umejaa akasingizia kwamba goti limeteguka. Mpimaji mwenzake, mama mtu mzima aliyemwita Dada kwa heshima, hakuuliza mara mbili. Alivaa buti ndefu za mpira, akachukua fimbo ya chuma yenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji, akaingia kupima kasi ya mto. Kuanzia hapo kazi ikagawanyika: Dada majini, Goti ukingoni na saa na daftari.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini yake ilirefuka. Mkewe alimkanda kila Jumapili. Kuna siku alijisahau akachechemea mguu mwingine, bila mtu kugundua.

Asubuhi moja Dada alisimama katikati ya mto, maji yakimfika mapajani, fimbo ikiwa wima, mwenyewe amejitenga kando ili miguu yake isiyavuruge maji yanayopimwa. Goti alikuwa akihesabu sekunde. Kabla hazijafika arobaini, jiwe likabiringika chini ya buti, Dada akaanguka, maji yakamburura.

Goti alitupa daftari akakimbia ukingoni, akaruka, akamdaka mkanda. Alipomtoa, kifundo cha mkono wa kulia wa Dada kilikuwa kimevunjika.

Dada alimtazama miguu. "Umekimbia," akasema.

Angeweza kudai kwamba hofu imemponya. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Yakamshinda.

"Goti langu halijawahi kuuma, Dada. Nayaogopa maji."

Dada aliukumbatia mkono kifuani.

"Hata mimi nayaogopa," akasema. "Ungeniambia, tungepokezana."

Goti alipokwenda kumjulia hali, mume wa Dada alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamwita shemeji, akamshukuru kwa kumwokolea mke. Goti alimgeukia Dada, akitamani amuumbue palepale amalize. Dada alisogeza mkono wenye bandeji ngumu juu ya mto wa kochi, akamwambia mumewe alete chai. Ile chai Goti aliinywa kama dawa.

Siku hizi yeye ndiye anayeingia mtoni, magoti yakimtetemeka kwelikweli. Dada hukaa ukingoni, akiandika kwa mkono wa kushoto. Akitajiwa kina cha maji, anaandika. Akitajiwa mizunguko ya pangaboi, anaandika. Zaidi ya hapo, hawana mazungumzo.