Kidole cha Baba

Mashine iliandika kwa mara ya pili kwamba namba ya siri ya baba si sahihi. Chini yake ikaongeza kwamba imebaki nafasi moja. Tukikosea tena, kadi itabaki humo ndani.

Nilimsomea. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeandika maneno hayo.

"Haiwezekani. Ni ile ile. Nimeibonyeza mwaka wa tatu huu."

Ilikuwa Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi. Ng'ambo ya barabara, hospitalini, mama alilala kwa ubavu, utumbo umejisokota. Daktari alisema wazi kwamba asipopasuliwa leo hafiki kesho. Karani wa malipo naye alisema wazi: bila malipo ya kwanza hakuna upasuaji, na dirisha lake linafungwa saa sita.

Pesa tulikuwa nazo, na hilo ndilo lililoniuma. Kabla hatujavuka mpaka baba aliuza ng'ombe wote wanne, kaka akaziweka zote benki. "Msitembee na noti ugenini, kadi inatosha," alituambia. Hatukubakiza hata za siku mbili mfukoni. Sasa kaka, dereva wa lori, alikuwa njiani kusiko na mtandao, na mlango wa benki ulikuwa na kufuli hadi Jumatatu.

"Baba, nitajie namba nibonyeze mimi."

"Kaka yako alinikataza. Hata mwanao usimwambie, alisema."

"Baba, mama anakufa."

Akajifuta jasho kwa kofia. Kisha akasema polepole, "Siijui, mwanangu."

"Huijui vipi?"

"Nizijue namba nimesoma wapi? Kaka yako alinishika kidole: anza hapa, shuka, vuka, rudi juu. Kinachojua ni kidole."

Mama mmoja mwenye kikapu akaguna nyuma yetu. "Jamani, mmefunga ndoa na hiyo mashine? Wenzenu tuna haraka."

"Tuvumilie kidogo tu, mama."

Nikavitazama vibonye. Miaka miwili nimekaa kibandani nikiuza vocha, na vya simu navijua hata gizani: moja iko juu kushoto. Mashine ya kwetu, ambako humsindikiza baba, imepangwa vivyo hivyo. Hapa juu kushoto palikuwa na saba. Moja ilikuwa mstari wa tatu.

Mara zote mbili baba alikuwa amepita njia yake ile ile, ila hapa namba zilikuwa zimehama.

Nikageuza bahasha ya eksirei ya mama, nikachora miraba tisa mikubwa kama vile vibonye, na mmoja wa sifuri chini yake. Nikaishikilia ukutani usawa wa kifua cha baba.

"Fumba macho. Bonyeza kama uko nyumbani."

Kidole kilitua katikati ya miraba miwili.

"Rudia, baba."

Mara ya pili kilipita njia yake bila kusita. Mara ya tatu, njia ile ile. Yule mama wa kikapu akatugeuzia kisogo. "Endeleeni," alisema. "Mimi sioni kitu."

Nikabonyeza mimi, nikitafuta kila namba pale ilipohamia. Mashine ikaikubali, nikaandika kiasi. Kisha ikauliza: nikate kwa pesa ya kwenu au ya hapa? Kaka alisema ya hapa, kwa sababu ukichagua ya kwenu wanakubadilishia kwa bei yao. Nikachagua ya hapa. Ndani yake noti zikaanza kukwaruzana.

"Wewe kaa na kadi," nilimwambia baba, nikavuka barabara mbio.

Karani alikuwa ameshashusha pazia nusu. Nikapitisha mkono chini yake pamoja na noti, nikauacha humo humo.

"Dada, toa mkono nifunge."

"Piga muhuri kwanza."

"Nitakubana!"

"Nibane. Lakini piga muhuri."

Akapiga.

Baba alinikuta kwenye benchi la korido, anahema, kadi ameibana kwa mikono miwili. Kitanda cha mama kikapita mbele yetu kikisukumwa. Alikuwa amefumba macho, hakutuona. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa.

Baba akaketi kando yangu.

"Kwa hiyo sasa unaijua namba yangu," baba alisema.

"Naijua."

"Basi usiisahau. Mpaka mama yako atoke."