Watia Nia wa Nyumba Moja

Mwalimu Teodora alipotimiza miaka sitini, shule ilimfanyia sherehe ya kumuaga. Mgeni rasmi alikuwa diwani wa kata, Masalu, mzee wa miaka sabini na tatu, ambaye pia ni mume wake.

"Sheria hii ya kustaafu ni nzuri," Masalu alisema kwenye kipaza sauti. "Wazee wakipumzika, vijana wanapata nafasi."

Watu wakapiga makofi. Teodora hakupiga. Darasa la kwanza lilikuwa bado linamsikiliza, na mlima wa mawe wa kwao Igogo aliupanda bila kuhema.

Jioni, wakila ugali kwa samaki sato, alimuuliza mumewe, "Baba Luhende, wewe utastaafu lini?"

"Mwanasiasa hastaafu, mke wangu. Wananchi ndio wanaomstaafisha."

"Basi nitawaomba wakustaafishe."

Masalu alicheka mpaka akapaliwa.

Wiki iliyofuata hakucheka. Jina la Teodora lilikuwa miongoni mwa watia nia wa udiwani katika chama chao. Sokoni wakawa wanamtania: "Mheshimiwa, nyumbani bado unapikiwa?"

"Napikiwa," alijibu, "ila siku hizi napewa mkia wa samaki tu."

Walikubaliana kwamba siasa zisiingie ndani, lakini hawakuweza. Teodora alimpigia pasi shati la kampeni huku akimwambia atamshinda. Masalu naye alimsikiliza akifanya mazoezi ya hotuba, akamsahihisha: "Hapo kwenye umri wangu punguza sauti. Watu watadhani nimeshakufa."

Siku ya kura za maoni za chama, ukumbi ulijaa. Masalu alieleza barabara alizopigania. Teodora akafuata.

"Mimi nimeambiwa nimezeeka nikiwa na sitini," alisema. "Mume wangu ana sabini na tatu, na hakuna aliyemwambia. Ama tuachwe wote tufanye kazi maadamu tuna nguvu, ama tupumzike wote!"

Wajumbe walicheka, wengine wakasimama kabisa. Kelele zilipotulia, akapanda mtia nia wa tatu, Favour, muuza dagaa wa miaka thelathini na moja ambaye kwa wiki zote hizo hakuna aliyemzungumzia.

"Shikamooni wazazi wangu," alianza. "Mwalimu alinifundisha kusoma. Diwani alinisaidia kupata kizimba cha biashara sokoni. Naomba nifanye kazi sasa, wao wakiwepo wa kuniambia nikikosea."

Kura zilipohesabiwa, Favour alikuwa amewaacha mbali wote wawili.

Masalu aliitazama mikono yake. Miaka mingi watu walimwita mheshimiwa, na sasa shangwe ilikuwa ya mtu mwingine.

"Imekuuma?" Teodora alimnong'oneza.

"Imeniuma. Wewe je?"

"Kidogo. Nilishachagua na gauni la kuapia."

Masalu akaangua kicheko, akamshika mkono, wakaenda kumpongeza Favour. Wanawake wa sokoni waliwavuta katikati wakacheza mpaka Masalu akavua koti.

Uchaguzi ulipokwisha, walipanda kivuko kwenda Kamanga, kumsalimia dada yake Teodora huko Sengerema. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa mara nyingi, mara kwa vikao, mara kwa mitihani. Katikati ya ziwa simu ya Masalu iliita. Alikuwa Favour, diwani mpya, akiuliza habari za mfereji fulani. Masalu alimweleza kwa ufupi, kisha akaizima simu, akammegea mkewe muhindi wa kuchoma.

"Kumbe hewa ya huku ni nzuri hivi," alisema.

"Si nilikuwa nakwambia kila mwaka," Teodora akamjibu, akitafuna.