Helka Hakutua

Siku ya Alhamisi huliwa supu ya njegere, na nyumbani kwa akina Purontaus mambo yalikuwa hivyo hivyo. Marketta, mpishi wa shule ya Kuusivaara, alikuwa ameipika mara mbili siku hiyo: mchana kwa watoto wa watu, jioni kwa binti zake wawili. Aliweka bakuli mbele ya kila mtu, akaweka haradali mezani, na chapati za maji akazifunika kwa taulo zisipoe. Helka, binti mkubwa, alikaa mahali pake akiwa amekishika kiti kwa chini, kwa mikono yote miwili. Alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa mrukaji wa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, katika timu ya taifa. Akikiachia kiti, alipanda hewani.

Wakati huo hakuwa anapanda sana. Alifika juu kiasi cha upana wa kiganja, akabaki hapo, na mto wa kiti ukabaki umevimba kana kwamba haujakaliwa na mtu.

"Kula, mwanangu," Marketta alisema. "Hata vijiko vitatu."

Ilpo, baba yao, alinyoosha mkono akalisogeza bakuli la Helka upande wa Minttu, binti mdogo. Ilpo ndiye aliyeendesha mashine ya kusawazisha theluji kwenye mlima wa kurukia, kwa hiyo maagizo ya kocha yalimfikia yeye kwanza.

"Nitakula Jumapili jioni, mama," Helka alisema. "Kocha ameahidi. Nikishamaliza kuruka tu, nile nitakacho."

"Jumapili mbali."

"Marketta, usimchoshe mtoto," Ilpo alisema.

Minttu alikula supu yake na ya dada yake, kisha akaomba jamu.

Jumamosi waliwasha sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea kwa mvuke. Wanawake waliingia kwanza. Marketta alipomwaga maji juu ya mawe ya moto, mvuke ulipanda ukamwondoa Helka kwenye benchi na kumpeleka hadi kwenye mbao za dari. Alikaa huko, mgongo umegusa mbao, miguu inaning'inia.

"Shuka, huko juu utaungua," mama yake alimwambia.

"Siwezi mpaka mvuke upoe."

"Dada, hebu angalia hapo kwenye kona, kuna utando wa buibui?" Minttu aliuliza.

"Upo."

"Utoe basi, unanitisha kila wiki."

Helka aliutoa. Marketta alimshika kifundo cha mguu akamvuta chini, na vidole vyake vikakizunguka kifundo kile vikapitana. Ndani ya sauna watu hawagombani. Alimkalisha Helka tena kwenye benchi, akamwekea ndoo ya maji mapajani.

Sheria ya kuruka ni kwamba mtu akiwa mwepesi kupita kiasi hupewa skii fupi, na skii fupi haziendi mbali. Kocha Reijo Haukijoki aliijua sheria hiyo. Kila Helka alipokwenda kwenye mizani, alivaa suruali ya ndani iliyoshonewa chubwi za risasi, zile ambazo Ilpo huzifunga kwenye kamba anapovua samaki kwenye tundu la barafu. Akishapimwa, chubwi zilitolewa. Katika chumba cha timu hilo halikuitwa udanganyifu, liliitwa maandalizi. Chubwi hizo hizo Helka alizitia kwenye soksi wakati wa kulala, maana bila hizo alikuwa akiamka uso umeegemea taa ya darini.

Jumapili wageni walijaa Kuusivaara. Kulikuwa na Wanorwe, Waaustria, Waslovenia na Wajapani, kila timu na kibanda chake cha kupakia skii nta. Kwenye mkahawa wa mji zilining'inia picha za warukaji wa zamani, watu walioshinda kila mahali, na chini ya picha hizo wazee walikunywa kahawa wakisema kwamba miaka imekwenda bila ushindi. Mwokaji wa mkahawa alikuwa ameoka keki yenye jina la Helka. Aliiweka dirishani, akaichorea skii mbili za chokoleti.

Asubuhi hiyo Marketta alikuwa ameshona chubwi mbili kwenye pindo la fulana ya Helka bila kumwambia mtu. Reijo alizigundua pale Helka alipokuwa anapanda ngazi za mnara, kwa sababu ngazi zilitoa mlio. Kwa majuma kadhaa hazikuwa zimelia chini ya miguu yake. Kocha alimsimamisha, akapapasa pindo, akazikata chubwi kwa kisu cha kukwangulia nta. Kisha akashuka mpaka kwenye uzio aliposimama Marketta, akamwekea chubwi kiganjani.

"Zako hizi."

"Mwachie hizo mbili tu, Reijo."

"Unataka aanguke kama gunia la viazi? Mbele ya Wanorwe?"

"Ndiyo, nataka aanguke. Kila anayeruka huanguka, ndiko kutua huko."

"Wewe kazi yako kupika, Marketta. Kurusha niachie mimi."

Juu kabisa, katika chumba cha kungojea, wasichana wa timu walikuwa wakipasha misuli moto. Sanelma, aliyekuwa na mwili mkubwa kuliko wote na skii ndefu kuliko wote, alifunika pua kwa glavu.

"Helka, shika mlango! Napiga chafya!"

Wote walicheka, na Helka pia alicheka. Mlango aliushika kweli, kwa sababu chafya za Sanelma zilikuwa kubwa.

Zamu yake ilipofika, aliketi kwenye ubao wa kuanzia. Msaidizi alimshika mabega asije akaondoka kabla ya wakati. Reijo alitazama bendera ya upepo pale kwenye ukingo wa kurukia, akaona upepo unakuja kwa mbele, upepo mzuri wa kumbeba mrukaji, akashusha mkono. Msaidizi akaachia.

Helka aliteremka, akafika ukingoni, akaruka. Alilala juu ya skii zake vizuri, mikono ubavuni, kidevu mbele. Alipita mstari ambapo wengi walitua. Alipita mstari mwekundu. Watu walipiga kelele, wakapiga makofi, wakapuliza tarumbeta. Halafu alipita juu ya vichwa vyao, na kelele zikapungua, maana ni vigumu kushangilia huku umekunja shingo na unashikilia kofia. Alipita juu ya banda la soseji, akafika kwenye ncha za misonobari, akasimama hapo hewani, bado amelala juu ya skii kama alivyofundishwa.

Majaji walikubaliana kwamba mtindo wake ulikuwa bora siku ile. Lakini alama nyingine zilikuwa za kutua, na yeye hakutua. Mpimaji wa umbali alirudisha picha nyuma na mbele akitafuta mahali ambapo miguu iligusa theluji, akaandika kwamba hapaonekani. Waliokuwa na kazi ya kumpima tena uzito walisubiri mlangoni na mizani yao. Kocha wa Wanorwe alimwendea Reijo, akamuuliza kwa upole kama Helka ataruka raundi ya pili. Reijo alisema atamwuliza.

Helka akapata sifuri, na timu yake ikawa ya pili kutoka mwisho.

Watu walirudi kwenye magari. "Vijana wa siku hizi," alisema mzee mmoja, mkono wake mmoja ukiwa na soseji. "Si angeshuka angalau?"

"Tumegandia hapa bure," mkewe alisema.

Ile keki ililiwa na Waslovenia.

Jua lilipokuwa linazama, watu wa zimamoto walileta ngazi, wakamnasa Helka kwa ndoano kwenye mkanda na kumvuta kwa kamba. Chumba cha timu kilikuwa kimejaa waandishi wa habari, kwa hiyo walimfunga kwa muda kwenye nguzo ya bendera ya upepo, pale ukingoni. Marketta alipanda ngazi na chupa ya supu ya moto, akamimina kikombe kimoja.

"Jumapili jioni imefika," alisema.

"Kocha amesema nile?"

"Mimi mama yako ndiye nasema."

Helka alitazama kikombe. Mvuke wa supu ulimfikia usoni, ukampandisha kidogo, kamba ikakaza.

"Nenda kamwulize kwanza, mama. Asije akasema sikumsubiri."

Marketta alishuka ngazi zote. Reijo alikuwa anazungumza na waandishi, na alipomaliza alikuwa anawahi nyumbani.

"Kesho," alisema. "Leo nimechoka, Marketta, umeona mwenyewe siku ilivyokuwa."

Upepo wa usiku uliirarua ile bendera. Asubuhi Reijo alipokuja na warukaji wake, alimkuta Helka amening'inia peke yake kwenye nguzo, nywele zinaelekea kusini. Punde zikageuka magharibi, na ndipo misonobari ya bondeni nayo ikaanza kuinama. Kocha alimtazama kwa muda mrefu. Bendera haikuwahi kumwonyesha upepo ambao haujafika.

"Helka," alimwita. "Utabaki hapo?"

"Bado niko kwenye timu?"

"Uko. Mazoezi hayaendi bila wewe."

Helka alifurahi, na wote waliokuwepo waliona kwamba amefurahi. Aliuliza kuhusu chakula, na Reijo akamweleza kwamba mtu aliyeshiba hapepei.

Marketta alikwenda kwa viongozi wa klabu. Walimkaribisha kahawa na mikate ya iliki, wakamsikiliza mpaka mwisho. Wakasema usalama wa wasichana wengine unategemea kuujua upepo, kwamba tangu Helka awekwe pale hakuna aliyevunjika mguu, na kwamba wanaishukuru familia kwa mchango wake. Walimpa Helka koti jipya lenye nembo ya klabu. Lilikuwa koti zuri, jepesi sana.

Ilpo aliongeza mbao mbili kwenye ngazi ili mkewe asiteleze anapompelekea binti yake kofia na glavu kavu.

Timu ilibaki na nafasi moja, na Reijo alimwita Minttu aijaze. Ilikuwa heshima. Majirani walileta maua. Alhamisi iliyofuata Marketta alipika supu ya njegere, akaweka mabakuli matatu mezani, na Ilpo akanyoosha mkono akalisogeza bakuli la Minttu. Safari hii hapakuwa na mtoto mwingine wa kusogezewa, kwa hiyo alilisogeza kwake, akalila mwenyewe.

"Chapati moja tu, baba," Minttu alisema.

"Baada ya mashindano."

Marketta alitazama mikono ya Minttu. Ilikuwa juu ya meza, yote miwili, inachezea kijiko. Majuma machache baadaye mkono mmoja ulikuwa chini ya kiti. Ulipofika mwisho wa majira ya baridi, yote miwili ilikuwa huko.

Siku ya mashindano ya vijana Marketta alisimama kwenye uzio. Ilpo alikuwa juu ya mashine yake, pembeni ya mteremko aliousawazisha tangu alfajiri. Minttu aliketi kwenye ubao wa kuanzia, na msaidizi akamshika mabega.

Reijo alimtazama Helka. Upepo ulikuwa unakuja kwa mbele, upepo mzuri, na nywele zake zilionyesha hivyo. Ndipo Helka akaikamata kamba kwa mkono mmoja, akajipinda, akazikusanya nywele na kuzitupa upande mwingine, akazishikilia huko kwa nguvu zake zote, kana kwamba upepo unatoka nyuma na hakuna mtu anayeweza kuruka.

"Helka!" kocha aliita. "Acha mchezo."

Helka aliacha. Nywele zikarudi mahali pake.

Reijo akashusha mkono.

Minttu aliteremka, akaruka, akapita chini ya dada yake. Marketta alifumba macho akasikiliza mlio wa skii kugonga theluji. Haukuja mara moja. Ulipokuja ulikuwa mdogo, kama mtu aliyeweka karatasi mezani.

Watu walishangilia. Ulikuwa mruko mrefu kuliko yote siku hiyo, na alikuwa ametua. Reijo alimkumbatia, akamshikilia hivyo hivyo mpaka wapigapicha walipomaliza.

Ilpo aliwasha mashine yake, akapanda mteremko kurekebisha mahali pa kutua kabla ya mrukaji mwingine. Alifika, akashuka, akainama. Theluji ilikuwa laini kama alivyoiacha alfajiri, bila mstari hata mmoja wa skii za Minttu.

"Safi," alisema, akaizima mashine. "Hapa hakuna cha kusawazisha."