Ngumi za Sebuleni

Msusi hakuanguka kutoka ghorofani. Aliteleza tu kwenye sakafu ya saluni iliyomwagikiwa maji ya kuoshea nywele, akafikia bega la kulia. Mfupa uliunga vizuri, ila maumivu yaligoma kuhama. Yalijikalia begani mwaka wa pili sasa, yakishuka hadi mgongoni yanapojisikia, na mkono uliosuka vichwa vya maharusi ukawa hauwezi hata kumfungia mwenyewe kilemba.

Mdogo wake wa kiume akamchukua nyumbani kwake. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana kwenye nyumba ile kulikuwa na wifi.

Wifi hakuamini ugonjwa usiofungwa bendeji. "Picha za hospitali zinaonyesha mfupa mzima," aliwatangazia majirani kwa sauti ya kufika hadi chumbani. "Mzima, jamani! Kinachouma ni uvivu."

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti!" Msusi alijibu kutoka kitandani.

"Maiti hali sahani mbili!"

Daktari wa mazoezi ya viungo ndiye aliyemwazima ile mashine. Kijisanduku chenye jicho la kamera, unakiweka chini ya televisheni, unashika vishikio viwili, na kila unachofanya kwa mikono yako kinafanywa na bondia aliye kwenye kioo.

"Nimekuletea bega, unanipa mchezo wa watoto?" Msusi alimkaripia.

"Haitaondoa maumivu yote, mama. Lakini mwili wako umejifunza kuuogopa huu mkono. Ukiwa mchezoni akili inasahau kuogopa, na mkono unakwenda."

Siku ya kwanza alilia. Bondia wake alipigwa mpaka akalala chali, kwa sababu ngumi ya kulia haikuvuka kifua. Akamtukana daktari, akaitukana mashine. Kisha akamtazama vizuri yule mpinzani mwenye kitambi aliyekuwa akimcheka kwenye kioo, akampachika sura ya wifi. Ngumi zikapata sababu.

Alicheza wakati wifi yuko kazini kwenye duka la vitambaa. Polepole mkono ukavuka kifua, ukafika kidevuni, ukapanda. Kwa muda wa raundi chache maumivu yalikuwa kama mtu anayeongea chumba cha pili: unamsikia, lakini si lazima umjibu.

Mchana mmoja wifi alirudi mapema, akasimama mlangoni kimya na simu mkononi. Jioni video ikaingia kwenye kundi la familia: Msusi anarusha ngumi, jasho linamtoka, anacheka. Chini yake wifi ameandika, "Mgonjwa wetu huyo. Vyombo tu ndivyo vinavyomuuma." Shangazi wakacheka. Mjomba aliyekuwa akimwombea dua akaandika, "Basi mimi naacha."

Video haikuonyesha kilichofuata: Msusi amelala sakafuni, chupa ya maji ya moto begani, ameng'ata pindo la gauni asisikike.

"Dada, unanitia aibu," mdogo wake alisema aliporudi.

"Nilikubeba kwa mgongo huuhuu unaouonea aibu."

"Usianze hayo."

"Mashine nimeiweka juu ya kabati," wifi alidakia. "Akiiweza aifuate."

Msusi akaenda kusimama chini ya kabati. Akavuta pumzi kama alivyozoea mbele ya kioo, akainua mkono wa kulia. Moto ulimshuka kutoka shingoni hadi vidoleni. Hakuusimamisha mkono njiani. Vidole vikashika ukingo, vikapapasa, vikaivuta mashine.

Wifi akapiga makofi. "Haya! Mume wangu, umeona kwa macho yako? Mkono unafika!"

Tangu aanguke, mkono ule haukuwahi kwenda juu namna ile. Hakuna aliyempongeza.

"Unafika," Msusi alisema. "Na unauma. Yote mawili ni kweli, na sikuombi uamini hata moja."

Akachomeka waya katikati ya tamthilia ya wifi. "Sogea."

"Kwenye kochi langu?"

Msusi alivishika vishikio. Alirusha ngumi ya kwanza, upepo wake ukapita karibu na pua ya wifi. Ya pili ikapita karibu zaidi. Ya tatu wifi hakuisubiri. Aliruka hadi kona ya kochi, akimwita mumewe. Mumewe alishatoka nje.

Kabla mwezi haujaisha Msusi alijitoa kwenye kundi la familia, akahamia chumba cha nyuma ya saluni. Maumivu yalihama naye, na mashine pia. Mdogo wake ndiye aliyembebea begi. Alilitua mlangoni, akangoja kukaribishwa. Hakukaribishwa.

"Nitakuwa nakuja kukuona, dada."

"Njoo," alisema Msusi. "Peke yako."

Akafunga mlango kwa mkono wa kulia.