Maji ya Maranda

Choo cha kambi ya muda, upande wa Bangwe, kilikuwa kimejaa mpaka magogo ya kukanyagia yamelowa. Mvua ikinyesha, uchafu ulivuja kwa chini, ukateremka mpaka pale wakimbizi walipochota maji ya ziwa ya kunywa. Yunisi, mwanamke mzee mkimbizi, aliyaona hayo siku nane. Ya tisa, mkamwana wake Marcelina akaanza kuhara.

Siku hiyohiyo upepo uligeukia ofisini. Bwana Leodgar, afisa aliyehamishiwa Kigoma kutoka Songea, akaja na leso puani.

"Shikamoo, bibi. Nasikia unajua dawa ya harufu."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Kule Burundi nilifuga nguruwe wa misheni. Bomba la hewa chafu unalilaza ndani ya rundo la maranda yaliyooza. Harufu inafia humo. Ila yasikauke, yakikauka hayafanyi kazi." Akaelekeza kidole chooni. "Lakini choo kimejaa, bwana. Kichimbwe kingine."

"Tuanze na harufu."

Lori likaleta mabaki ya mashine ya mbao ya Rusimbi. Yunisi alipanga magome chini, akachagua maranda ya zamani, yaliyokwisha kuwa meusi, akayachanganya na samadi, akalaza bomba la choo humo. Siku ya tatu harufu ilikatika.

Leodgar alirudi bila leso, na wageni wawili. Mmoja aliinama akanusa rundo, akacheka.

"Na choo kipya?" Yunisi aliuliza.

"Cha nini, bibi? Hiki hakinuki."

"Kinavuja. Watu wanakunywa."

"Ripoti imekwenda. Tatizo limekwisha. Sasa nitaombaje fedha za tatizo lililokwisha?" Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Wewe kazi yako ni rundo. Kila asubuhi ulimwagie ndoo mbili, maji ya gari. Maji ya ziwa yananuka."

Gari la maji safi lilikuwa la ofisi. Akawekwa askari, Pastory, asije mtu akachota.

Asubuhi moja Marcelina alisema, midomo imepasuka, "Mama, yale ya gari. Kidogo tu."

Yunisi akaenda na kikombe ndani ya kanga. Alipokichovya kwenye ndoo, Pastory alimwona.

"Hicho cha nini?"

"Cha kumwagilia."

"Maranda yamepata adabu siku hizi, yanakunywa kwa kikombe." Akakichukua, akakimimina juu ya rundo mwenyewe. "Bibi, nina watoto watano. Nikifukuzwa, utawalisha wewe?"

Yunisi aliinua ndoo akamwaga.

"Na huku. Huku pamekauka," Pastory alisema.

Yunisi akamwaga na huko. Rundo lilitoa mvuke, likanukia msitu. Alipogeuka kufuata ndoo ya pili, alimwona Marcelina. Alikuwa ametambaa mpaka ukingoni mwa ziwa, chini ya choo, na alikuwa akiteka maji kwa kiganja.

"Bibi," Pastory alisema. "Bado ndoo moja."