Makoti Mazito

Kitu cha kwanza alichokiona Sisimizi ni bitana. Kwa miaka mitatu karakana yao ilishona sare za jeshi kwa kitambaa chepesi, cha kustahimili jua. Asubuhi ile marobota yalipofunguliwa, ndani mlikuwa na bitana ya sufu, nene kama blanketi la mgonjwa. Sindano ya cherehani yake ilivunjika mara mbili kabla ya chai.

Walimwita Sisimizi kwa kuwa alishinda kazini kutwa nzima bila mtu kusikia sauti yake. Yeye alishona mifuko. Mwingine mikono, mwingine kola. Ilipangwa hivyo makusudi, asiwepo fundi wa kuijua nguo nzima wala inakokwenda. Lakini baridi haifichiki mfukoni.

"Shoga, mpakani siku hizi kunaanguka theluji?" mshona kola alimnong'oneza. Redio ilikuwa imetangaza kwamba vijana wanapelekwa mpakani, na mpakani hata mijusi hutafuta kivuli.

Msimamizi, mzee mwenye futi shingoni, alisikia. "Mwaka ule mji huu ulipozingirwa, nani alituletea ndege na unga?" aliuliza. "Si hao hao wa nchi ya milimani? Leo vita viko kwao. Mla cha mwenzie na chake huliwa."

"Mimi huo unga sikuuonja," alisema mshona kola. "Walioula wamenenepa, wako maofisini. Basi wapeleke watoto wao."

"Kola yako imepinda. Fumua." Wanawake wakacheka chini chini. Msimamizi hakucheka. "Na atakayelitoa neno hili nje ya mlango huu, asirudi kesho."

Sisimizi alikuwa na mtu wa kumpa neno hilo. Mdogo wake, aliyeitwa Ngongoti kwa urefu wa miguu yake, alikuwa kambini, na Jumapili angepewa ruhusa ya siku moja kuja kuaga. Mjomba wao alikuwa dereva wa lori. Angeweza kumtorosha ng'ambo ya mto kabla kambi haijashtuka. Wiki nzima Sisimizi alipanga jinsi ya kulisema, mguu ukikanyaga cherehani. Wiki nzima pia alifikiria kibarua chake, na yeye aliishia darasa la nne, na nani mwingine angemchukua.

Jumapili Ngongoti aliingia akagonga kichwa kwenye fremu.

"Mama, huu mlango una kinyongo na mimi."

"Mlango haujafupika. Ni wewe usiyejua kukoma," mama alisema, akimpapasa paji la uso.

"Miezi mitatu tu, mama. Nitarudi nimekauka kama kuni." Akamgeukia dada yake. "Dada, wewe ndiye serikali, unatuvisha. Wanasemaje huko kwenu?"

Aliuliza kwa mzaha, lakini hakuondoa macho. Alingoja. Mama naye alitulia, kijiko mkononi.

"Mimi nashona mifuko tu," alisema Sisimizi.

Ngongoti akaitikia kwa kichwa taratibu, akala, akaaga.

Mwezi wa nne tangu aondoke, maofisa wawili walipiga hodi, mmoja wa kwao, mmoja wa nchi ile ya milimani. Mgeni alisema, mwenzake akatafsiri: kijana alifia kwenye njia ya mlimani, akiwakinga askari wao wasipigwe kwa nyuma. Nchi hizi mbili sasa ni ndugu, na damu yake ndiyo iliyoziunganisha.

"Ndugu gani, baba?" mama aliuliza kwa upole. "Mwanangu alikuwa na ndugu mmoja tu. Yule pale."

Mgeni alimtazama mwenzake, akisubiri. Mwenzake hakutafsiri. Waliweka bahasha mezani, wakapiga saluti, wakatoka.

Mama alikaa kitandani. "Mlimani," alisema. "Si walisema mpakani? Angalau mtu mmoja angetuambia. Ningemfungia humu ndani, mwanangu, ningekaa mlangoni mimi mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyejua?"

Sisimizi alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu. Sauti ilipomtoka, hata yeye hakuitambua.

"Mimi nilijua, mama. Siku ile aliponiuliza, nilijua."